Kabla hujatoa hela ya nyumba ya Igombe

Mdogo wangu, unauliza ununue hiyo nyumba ya Igombe, hapa Mwanza, karibu na maji ya Ziwa Victoria, au uendelee kupanga Nyakato. Subiri kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo nenda na futi kamba upime mwenyewe. Kisha peleka nakala ya hati ofisi ya ardhi wakufanyie upekuzi, yaani waangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki halisi ni nani. Barua ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi kabisa. Mimi nilimwamini muuzaji, nikatanguliza milioni tatu, kumbe kiwanja kina mwenyewe. Iliniuma sana. Na uende tena mvua ya Aprili ikinyesha, uone maji yanapita wapi.