Wasomaji Wauliza: Mpambaji, mbunifu na ukuta uliovunjwa

SWALI: Nina fleti Nyali, ghorofa ya pili. Kijana aliyejitambulisha kuwa mbunifu wa ndani alinitengenezea picha nzuri za kompyuta, tukavunja ukuta kati ya jikoni na sebule. Miezi miwili haijaisha, ufa umetokea darini. Nikimpigia ananiambia yeye ni mpambaji tu, mambo ya ukuta niulize mwashi. Je, leseni yake hutolewa na nani nikamshtaki huko?
*Bi. S., Nyali*

JIBU: Bi. S., kabla ya mashtaka kuna slebu, yaani sakafu ya zege iliyo juu ya kichwa chako. Usiuzibe ufa kwa lipu wala rangi. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, uangalie kila siku. Ukiuvuka mstari, au ukipanuka hata sarafu iingie, hama chumba hicho na umwambie jirani wa juu naye aondoe vitu vizito. Penseli isikucheleweshe: leo hii mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Huenda akaagiza slebu ishikiliwe kwa nguzo za chuma kabla hajapima chochote.

Sasa leseni. Nchini Kenya jina la msanifu majengo linalindwa na Sheria Sura 525. Asiyesajiliwa na BORAQS, bodi ya usajili wa wasanifu majengo, hana ruhusa ya kulitumia. "Mbunifu wa ndani" halina ulinzi wa namna hiyo. Mwenye diploma na ramani kabambe atalitumia, na aliyejifunza kutundika mapazia wiki iliyopita atalitumia pia. Kwa hiyo hakuna leseni ya kumnyang'anya. Unachoweza kumdai ni kile mlichoandikiana. Dai likiwa halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo italisikiliza. Nenda na mkataba, risiti na ujumbe wa simu. Lakini jua kwamba nawe una swali la kujibu: kuvunja ukuta wa jengo kunahitaji idhini ya kaunti, na katika fleti nguzo na slebu si mali yako peke yako.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni hii. Mpambaji huchagua rangi, mapazia, mazulia, samani na taa za kuchomeka. Akikosea, utachukia sebule yako, basi. Mbunifu wa ndani hupanga chumba chenyewe: mlango ufungukie wapi, maji yapite wapi, soketi ngapi na kwa kimo gani, moto ukizuka watu watoke vipi. Akikosea, mtu huumia. Hata hivyo, mbunifu naye hana mamlaka ya kuhukumu ukuta uliobeba slebu. Kazi yake ni kutambua kwamba hapo panahitaji mhandisi, na kukuambia kabla nyundo haijainuliwa.

Picha ya kompyuta si ramani. Kabla ya malipo ya kwanza, dai michoro yenye vipimo: sakafu kwa skeli ya 1:50, makabati kwa 1:20, na mchoro wa umeme unaoonyesha kila soketi na unene wa waya. Kwa kawaida ni milimita 1.5 za mraba kwa taa na 2.5 kwa soketi. Jiko la umeme lina waya wake mnene zaidi. Kisha elekeza kidole ukutani umuulize umebeba nini. Akijibu "haubebi kitu" bila hata kupanda kuangalia kilicho juu yake, mpe chai umuage.

SWALI: Twataka kufungua mkahawa wa kahawa chini ya nyumba ya familia Kibokoni. Mpambaji asema tupige lipu ya simiti na dari ya jipsam ili pawe pasafi. Wazee wakataa. Nani ana haki?
*A. na nduguze, Mji wa Kale*

JIBU: Wazee. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi tangu 1990, na kazi yoyote ya ukuta, mlango au baraza huanzia katika ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kaunti.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi, kisha huyatoa kwa kupumua. Simiti huuziba pumzi. Chumvi hukwama nyuma ya lipu, hugeuka fuwele, lipu ikatuna na kumwagika pamoja na uso wa jiwe. Mtapaka rangi kila mwaka na kulaumu rangi. Tumieni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uliooshwa, kamwe si wa pwani. Pigeni tabaka nyembamba za kama sentimita moja, mkinyunyizia maji na kuliacha kila tabaka likaze kwa siku kadhaa. Fundi mwenye haraka hafai kazi hii.

Jipsam nayo huzificha boriti. Bomba la juu likivuja au mchwa wakiingia, hamtaona mpaka boriti ioze. Ziacheni wazi, mpitishe nyaya ndani ya mabomba yanayoonekana.

SWALI: Nasomea ubunifu wa ndani. Nitatambulikaje kitaaluma, hapa au ng'ambo?
*Mwanafunzi, Tudor*

JIBU: Hapa, kwa sasa, utatambulika kwa michoro yako na kwa wasanifu watakaokubali kufanya kazi nawe. Weka faili la kazi tangu mwaka wa kwanza, hasa michoro ya kina, si picha tupu.

Marekani kuna NCIDQ, mtihani wa kuwapima wabunifu wa ndani, wenye sehemu tatu. Mwenye shahada ya ubunifu wa ndani huhitaji pia saa 3,520 za kazi. Usidhani huko mambo yametulia, mwanangu. Jimbo la Alabama lilikuwa la kwanza kulinda jina la mbunifu wa ndani, 1982. Lilipojaribu kuifunga kazi yenyewe kwa wasio na leseni, mahakama yake ya juu kabisa ikaifuta sheria hiyo 2007. Florida nayo iliacha kudai leseni 2020. Wapinzani husema sheria hizo huwanyima riziki wapambaji. Watetezi hutaja moto na njia za kutokea.

SWALI: Mpambaji wangu hatoi bili ya kazi, huchukua kamisheni dukani. Ni halali?
*M., Bamburi*

JIBU: Si vibaya akikwambia mapema na kukuonyesha risiti. Ila mtu anayelipwa na duka hukuuzia kilichopo dukani. Kwa hewa ya Bamburi hilo mara nyingi huwa kabati la MDF, ubao wa nyuzi za mbao na gundi, nalo likinyonya unyevu hutuna ukingoni. Omba plaiwudi ya marini, ile inayostahimili unyevu, na bawaba za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316.