Binti yako asikae mbele kwanza mkuu, nakuomba

Hapana mkuu. Hapana kabisa. Umeuliza kama ngoma kweli inamtoa mtoto aibu, ada inakuwaje, na umpeleke kwenye bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, au hizi densi za kisasa. Sawa, ila mimi macho yamegota pale chini ulipoandika kwamba mwalimu wao kasema siku ya mahafali ya la saba atamsimamisha binti yako mbele peke yake "ili aibu imtoke". Mwambie akasimame yeye.

Hiyo picha nishaiona mpaka mwisho. Kijana wangu alikuwa la tatu, huku Mwanza, mtoto wa kunong'ona, akiulizwa swali darasani anatafuna kola ya shati. Mwalimu wa ngoma wa shule yao akaniambia kwa sauti ya daktari bingwa, mzazi, mtoto mwoga dawa yake jukwaa, mpe jembe asimame mbele watu wamwangalie, siku moja tu anapona. Na mimi na akili zangu timamu nikaitikia, tena nikanunua kaniki mpya, shanga, njuga za miguuni, nikakodi na mpiga picha. Picha zilitoka safi sana, mtoto analia unaona mpaka chozi la pili linajiandaa.

Bugobogobo kama unavyojua anayeongoza anarusha jembe juu analidaka huku ngoma inaendelea. La kwake lilikuwa la mbao, jepesi, nyumbani alikuwa analidaka hata akiwa na kipande cha muhogo mdomoni. Siku hiyo likaanguka. Angekuwa kwenye mstari angeliokota akaendelea, nani angejua, wenzake kulia na kushoto wanacheza na mdundo unafunika kila kitu, lakini pale mbele yupo yeye tu, akaganda, na wapiga ngoma nao wakanyamaza, mpaka leo sijui walinyamaza kwa nini!! MC akashika kipaza sauti akasema "mkulima kachoka jua". Ukumbi mzima kicheko. Jioni video iko kwenye grupu la wazazi, Jumatatu jina lake shuleni ni Mkulima, na kuanzia hapo tumbo lilikuwa linamuuma siku zote za wiki isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Yule mwalimu nilipomfuata ananiambia mwanao hana kipaji. Si ulisema anapona siku moja wewe? Ngoja niishie hapo kabla sijapigwa ban.

Kinachoniuma ni kwamba ngoma yenyewe ilikuwa inatuambia. Bugobogobo kwa Wasukuma ni ngoma ya kulima, watu wengi, majembe yanapanda na kushuka pamoja kwa mdundo. Hata Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, wanashindana kundi kwa kundi, lililovuta watu wengi ndo limeshinda. Mtoto mwoga anajificha humo humo kwenye mstari huku anacheza, anakosea hakuna anayemcheka, anapatia anajijua mwenyewe, hapo ndo anapoanza kujiamini.

Wa kwangu alikuja kurudi kwenye ngoma kwa mama mmoja jirani anayefundisha watoto jioni. Hakumlazimisha kitu. Alimweka nyuma kabisa karibu na ngoma kubwa, kazi yake kusikiliza ule mlio wa kubadilisha mtindo. Ikafika hatua yeye ndo anamgusa mwenzake mguu kumshtua, mara anawahesabia wadogo, moja mbili tatu nne, kwa sauti! Mimi nilijua mambo yamebadilika siku Mangi wa dukani alipokuja kunishtakia kwamba mwanao siku hizi ana mdomo, karudi kudai chenji ya mia mbili mbele ya wateja. Nilinunua soda mbili pale pale, moja ya Mangi.

Kwa hiyo mstari wa nyuma mkuu. Mbele aende siku akiomba mwenyewe kwa mdomo wake, usikubali ombi la mwalimu wala la bibi anayetaka picha. Wa kwangu yuko kidato cha kwanza sasa, anapiga ngoma, jembe hataki hata kulisikia na mimi simuulizi. Wewe nenda kesho asubuhi uongee na huyo mwalimu, maana wakishashona nguo ya kiongozi kwa vipimo vya binti yako utaambiwa haiwezekani tena.