Kubishana Kuhusu Ndege Bila Kugombana

Katika kundi letu la WhatsApp la watazama ndege wa hapa Mwanza, ugomvi hauanzi kwa matusi. Huanza kwa neno moja: "Siyo." Mtu kaamka alfajiri, kapiga picha ya ndege mkubwa wa kahawia juu ya mawe ya Capri Point, katutumia kwa furaha kwamba ni tai mla samaki. Hata salamu hajaitikiwa, anajibiwa "siyo huyo", basi. Jioni wawili hao hawasemeshani.

Nawaomba wenzangu neno hilo lisitumwe peke yake. Tai mla samaki aliyekomaa hana ubishi: kichwa na kifua vyeupe, tumbo jekundu la udongo, mabawa meusi. Ila tai mchanga hukaa miaka kadhaa akiwa na madoadoa ya kahawia, na wengi humdhania ndege mwingine kabisa. Ukiandika, "Kaka, tazama mkia wake ulivyo mfupi, nadhani ni tai ambaye hajakomaa," umempa mwenzako kitu cha kuangalia. Ataikuza picha, atakubali, au ataleta nyingine inayokupinga. Vyovyote vile mnaendelea kuongea.

Kabla ya hapo, muulize ameona nini. Tumebishana sana kuhusu mdiria yule mweusi na mweupe, anayepigapiga mabawa palepale hewani kabla ya kujitosa ziwani. Mmoja anashikilia kwamba ana mikanda miwili kifuani, mwingine anaapa ni mmoja. Wote wanasema kweli! Dume ana miwili, jike ana mmoja, tena wa jike mara nyingi umekatika katikati. Hata eBird, hazina ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, inafanya kazi hivyo: ukiripoti ndege asiyetarajiwa, wahakiki wanakuomba maelezo au picha.

Linaloniuma zaidi ni hili la umri. Tumelelewa kutombishia mkubwa mbele za watu, na malezi hayo nayapenda. Lakini vijana wetu wenye macho makali wananyamaza mzee anapokosea jina, kisha wanakwenda kumcheka pembeni. Huko ni kumdharau, na kumbukumbu zetu zinabaki na kosa. Kijana anaweza kuandika, "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie: huyu yangeyange uliyemwita mkubwa, naona miguu myeusi ila vidole ni vya manjano. Hawezi kuwa yule mdogo?" Yangeyange mkubwa ana miguu myeusi mpaka vidoleni, kwa hiyo swali lina uzito, na heshima ya mzee iko palepale.

Wakubwa nao wana wajibu. Kuna mzee wetu mmoja, mvuvi wa zamani, akiulizwa hivyo hujibu, "Marahaba mwanangu, ngoja nivae miwani," halafu anatazama kweli. Kwa jibu hilo tu, vijana wengi wamepata ujasiri wa kuuliza. Wenye vitabu nao wamsikilize yeye: jina la kitabuni huenda halijui, lakini anajua ndege gani hufuata mitumbwi ya dagaa.

Ujumbe ukianza kutaja elimu ya mtu, kabila lake au simu yake ya bei rahisi, hapo ndege keshasahaulika. Msimamizi amwandikie mhusika faraghani mapema. Kumkaripia mbele ya wote kunamfanya atafute wa kumtetea, na kundi linagawanyika.

Kuna picha ambazo hazitatupa jibu hata tukikesha. Mnandi wa mbali kwenye mwanga mbaya anaweza kuwa mkubwa mwenye kifua cheupe, au yule mdogo mwenye mkia mrefu. Kwa picha kama hiyo tunaandika "mnandi" bila kutaja aina, tunamshukuru aliyeileta, na Jumamosi anayeweza anakwenda na darubini kumtafuta tena palepale.