Homoni na sinapsi za kumbukumbu: jibu kwa dada mwenye miaka 47

Dada, umesema una miaka 47, hedhi imeanza kuruka, majina ya watu yanakupotea katikati ya maongezi, halafu kuna mtu kakuambia homoni zikishuka zinaua ubongo na sasa hulali kwa hofu. Nimefanya kazi maabara ya ubongo wa panya, nilikuwa mtu wa kukaa kwenye hadubini na kuhesabu, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu kidogo, na niseme mapema kabisa kwamba hilo neno "zinaua" silikubali.

Kumbukumbu mpya zinapitia sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi. Seli zake zina matawi, na kwenye matawi kumejaa vichipukizi vidogo mno, na kila kichipukizi kwa kawaida ndo upande wa kupokea wa sinapsi, yaani pale seli moja inapoongea na mwenzake. Mwaka 1990 Catherine Woolley, Elizabeth Gould na wenzao kwenye maabara ya Bruce McEwen, Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York, walionyesha kwamba kwa panya jike vichipukizi vya eneo la CA1, sehemu mojawapo ya hipokampasi, vinaongezeka na kupungua ndani ya mzunguko wake wa siku 4 au 5, na kutoka siku estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, iko juu hadi siku inayofuata tofauti inafika kama asilimia 30. Ndani ya saa 24! Ukimtoa panya ovari vinapungua, ukimrudishia estradioli, ambayo ndo estrojeni kuu, vinarudi.

Mimi hili nimelifanya kwa mikono yangu. Asubuhi unachukua ute wa panya ukeni unaweka kwenye slaidi, ukikuta seli za duara zenye kiini unajua ndo siku ya estrojeni kupanda, ukikuta zimekauka kama magamba na hazina kiini ujue imeshashuka. Ubongo unapakwa rangi kwa njia ya Golgi, ambayo inadaka seli chache tu zinakuwa nyeusi tii na nyingine zote hazionekani, na bila hivyo usingetofautisha tawi na tawi. Slaidi zinapewa namba za siri ili anayehesabu asijue anahesabu ya panya yupi, maana jicho lina tabia ya kuona linachotarajia. Kilichonikaa kichwani mpaka leo ni zile seli za siku ya chini: seli nzima, matawi yake yapo, afya ipo, ni vichipukizi tu vimepungua. Sasa hapo kilichokufa ni nini? Mzunguko ukizunguka vinaota tena.

Estrojeni inafanyaje? Sehemu kubwa ni kwamba inatuliza zile seli zinazotoa GABA, kemikali ya breki, yaani seli zinazozuia nyingine zisipige kelele, breki ikilegea zile za CA1 zinasisimka zaidi, na vipokezi vya NMDA, yaani milango ya kwenye sinapsi inayopokea ishara ya kusisimua, ndo vinabeba kazi, ukivizuia kwa dawa estrojeni peke yake haioteshi vichipukizi. Projesteroni, homoni nyingine ya ovari, ina mambo yake, saa chache za mwanzo inaongeza, halafu inaharakisha kupungua.

Turudi kwako. Mtu mzima hai hatuwezi kumhesabia vichipukizi, kwa hiyo kwa binadamu tunategemea vipimo vya kumbukumbu na picha za ubongo. Utafiti wa SWAN wa Marekani, unaofuatilia wanawake kwa miaka mingi, uliripoti 2009 kwamba kipindi hiki cha kuelekea kukoma hedhi uwezo wa kujifunza vitu vipya unalegea kidogo, halafu hedhi ikishakoma kabisa unarudi. Soma tena hapo dada, unarudi. Na wale wanaosema mwanamke akili inapungua siku fulani za mwezi waache, tafiti zikijumlishwa pamoja hilo halionekani, panya kubadilika vichipukizi haimaanishi wewe unakuwa mzito.

Ila tafadhali usikimbilie vidonge vya homoni kwa ajili ya kumbukumbu. Mwaka 2003 utafiti wa WHIMS ulikuta wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, iliongezeka karibu mara mbili. Wewe uko mbali na umri huo na hatari si ileile, na kama joto la ghafla linakusumbua na usiku halikuachi ulale kaongee na daktari, hapo homoni zina kazi yake, na usingizi ukirudi hata majina mengi yanarudi. Mwombe pia akupime tezi ya shingo na vitamini B12, hivi vinasahaulisha watu na vinatibika.

Umeuliza pia kama mumeo yuko nje ya haya. Hayuko nje. Panya dume akihasiwa vichipukizi vya CA1 vinapungua, ukimpa testosteroni, homoni ya kiume, vinarudi. Halafu hipokampasi yenyewe, ya dume na ya jike, ina kimeng'enya kinaitwa aromatesi kinachogeuza testosteroni kuwa estradioli papo hapo ndani ya seli za neva, kwa hiyo si estradioli yote ya kwenye ubongo inayotoka kwenye ovari, na ovari zikistaafu hicho kiwanda cha ndani hakifungwi siku hiyohiyo.