Jibu: Upepo umeezua paa la mama yangu huko Kayenze, Mwanza, tuanzie wapi?

Mkuu pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Kama nimekuelewa, paa la mbele limeondoka lote na upepo wa alfajiri, fundi anataka kuanza kesho kwa mabati yale yale mliyookota shambani, na mama kagoma kuhama. Mimi nimekulia Sangabuye, hapo hapo jirani yenu, na kwetu paa liliwahi kwenda lote msimu wa vuli. Kwa hiyo sikujibu kwa kusikia. Jibu fupi: fundi asubiri kwanza.

Kabla ya fundi kuna nyaya. Umesema nguzo ya barabarani imelala. Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima ni giza, maana watu wa TANESCO wanaweza kurudisha laini muda wowote bila kujua kuwa kwenu kuna waya juu ya bati lililoloa. Zuia watoto na mbuzi, toa taarifa, na usikubali kijana mwenye koleo aliyejitolea "kuusogeza tu". Ndani zima meni swichi, chomoa friji na TV, halafu acha hivyo hadi fundi umeme aangalie, kwa sababu maji yameshaingia kwenye swichi na viunganishi vya darini. Kwetu umeme ulirudi usiku, na nyumba ya jirani ambayo haikuzimwa ikaanza kutoa moshi ukutani. Namba ya zimamoto ni 114, iwekeni kwenye simu ya mama pia.

Cha pili, ambacho humu jukwaani naona hakuna aliyekigusa, ni ukuta. Umesema chumba cha nyuma ni cha tofali za tope. Ukuta wa namna hiyo ukivuliwa paa na kunyeshewa hauanguki palepale. Unakunywa maji, unalainika chini, halafu unaporomoka baadaye watu wakiwa wameshatulia na wanaanika godoro pembeni yake. Mwakata kule Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40 kwa usiku mmoja, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za tope. Pita uangalie pembe za chumba na juu ya mlango. Ukiona ufa mpya, au ukuta umejaa tumbo, mama asilale humo hata kama paa la upande huo limebaki zima.

Kuhusu mama kugoma: mama yangu naye aligoma, na maneno ya "ni kwa usalama wako" hayakusaidia chochote. Tulichofanya ni kuhamisha kuku wake kwanza kwenda kwa shangazi, kisha gunia la mahindi, kisha vyombo vyake vya jikoni. Jioni akaja mwenyewe kuangalia kama kuku wamelishwa. Mzee hagomei kuhama, anagomea kuacha mali bila mwangalizi. Kijana mmoja alale pale kwenye banda la jiko, mama aone kuna mtu.

Mahindi yenu nayo muyatazame. Yaliyoloa anikeni siku hiyo hiyo juu ya turubai, yasirudi kwenye gunia yakiwa na unyevu. Yakishaota ukungu, kuosha na kusaga hakuondoi sumukuvu, na mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa nafaka ya namna hiyo. Msiwape hata kuku. Friji likiwa limezima, chumba cha kugandishia kilichojaa kinahifadhi samaki kwa takriban saa 48 kama hakifunguliwi, kikiwa nusu ni kama saa 24. Sehemu ya kawaida ya friji ni saa 4 tu. Wale sato wa kwenye friji mnaowaonea huruma kaangeni leo mle na majirani, maana wanaokuja kuwapa pole nao watahitaji chakula.

Maji: kama choo cha shimo kimejaa maji ya mvua, kisima cha karibu msikiamini, na ya ziwani ndiyo kabisa. Chemsheni mpaka yatokote au wekeni dawa ya klorini. Kipindupindu hakina haraka, kinakuja upepo ukiwa umeshasahaulika. Na tafadhali, asiingie mtu na jiko la mkaa chumbani ili kukausha kuta au nguo. Moshi wake unaoua hauonekani wala haunuki, na waliolala hawaamki.

Sasa paa, maana ndilo lenye pesa.

Kuna mchangiaji hapo juu kaandika kuwa hiki ni kimbunga kama Hidaya. Hapana. Vimbunga vya bahari havijiundi huku, tupo karibu mno na ikweta, na Hidaya yenyewe ilipofika Mafia Mei 2024 nguvu zake ziliishia pwani. Upepo wetu unapikwa na Ziwa Victoria. Usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, hewa ya pande zote inavutwa kuelekea ziwani, inapanda, mawingu yanajijenga, na karibu na kucha sisi wa ukingoni ndio tunaopokea. Nalisema hili kwa sababu moja: kimbunga cha bahari kinatangazwa siku kadhaa kabla na kikipita kimepita. Huu wetu unaweza kurudi kesho kutwa. Paa lililogongwa haraka haraka litaondoka tena, na safari hii pamoja na pesa mliyokopa kwenye kikoba.

Watu wengi wanaamini upepo unang'oa bati kutoka juu tu. Angalia kilichobaki kwenu: kama mbao zimeondoka pamoja na mabati, basi huenda upepo uliingia kwa mbele, kwenye baraza au dirisha lililo wazi, ukajaa ndani na kulisukuma paa juu. Bati halikuwa na kosa. Kenchi, zile mbao zilizoungwa kubeba paa, zilikuwa zimekaa tu juu ya ukuta kwa misumari miwili mitatu. Ndiyo maana hata mkiamua kutoka geji 30 kwenda geji 28, yaani bati nene zaidi, hakutawasaidia kitu kenchi zikibaki vile vile. Mtakuwa mmenunua bati zuri zaidi la kuokota shambani.

Pesa iende kwenye kufunga. Kila kenchi ifungwe chini kwa waya mnene au kipande cha nondo kilichonasa ndani ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya ukuta), sio kwenye tofali la juu peke yake. Nyumba isiyo na lenta, na za wazee wetu nyingi hazina, waya ushuke ndani ya ukuta kozi kadhaa za tofali na kuzungushwa hapo kabla ya kupigwa lipu. Papi, mbao za kupigilia bati, zifungwe kwenye kenchi, zisiachwe kwa msumari mmoja. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, na pembezoni iwe karibu karibu kuliko katikati, maana bati huanza kufunuka kwenye ncha. Paa la baraza lijengeni peke yake. Likienda liende lenyewe, lisiburute la nyumba.

Mabati ya kuokota yaliyochanika kwenye matundu ya misumari hayashiki tena. Yatumieni jikoni au kwa banda la kuku, ila kabla ya kuyabeba nyumbani muulizane na majirani, maana bati halina jina na ugomvi wake ni mrefu. Mawe juu ya paa pia hapana. Najua Mwanza mawe tunayo, lakini jiwe halifungi bati. Upepo ukiinua bati, jiwe linaingia ndani kitandani.

Kwa sasa tafuteni turubai, mfunike upande mmoja tu mnaolalia, kamba zishuke hadi chini zifungwe kwenye mawe makubwa ya uwanjani. Hapo ndipo jiwe lina kazi. Msipande juu mbao zikiwa zimeloa. Pigeni picha kila chumba kabla ya kusafisha, pelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji mwandikwe kwenye orodha ya waathirika, hata kama mnadhani hakitatoka kitu. Kwetu yalitoka mabati machache, tena kwa wale tu walioandikwa mapema.

Bei ya mabati na ya mafundi wiki hii itakuwa juu kwa sababu mtaa mzima unatafuta. Ukiweza kusubiri chini ya turubai itashuka. Fundi akija muulize swali moja: kenchi utaifunga na nini? Akikujibu "misumari ya inchi nne", mlipe nauli arudi. Piga picha ya juu ya ukuta uiweke hapa, tuone kama kuna lenta au hakuna, maana hesabu ya vifaa inabadilika kabisa.