Mti Mkubwa Hauingii Wote Kwenye Picha

Ukisafiri nchi za joto kwa ajili ya miti, kitu cha kwanza kitakachokukera ni kwamba mti uliokutoa jasho kuufikia haupigiki. Unasimama chini ya jitu la msituni, unainua simu, na kwenye kioo unaona majani matupu, viraka vya anga jeupe na shina lililokatika juu na chini. Unarudi nyuma uupate wote, mgongo unagonga mti mwingine. Kule Danum Valley, jimbo la Sabah nchini Malaysia, upo mti wa jamii ya meranti uitwao Menara, ambao mwaka 2019 ulitangazwa kuwa na urefu wa mita 100.8. Kuupata urefu huo kulihitaji ndege yenye vipimo vya leza, droni, na mtu wa kupanda mpaka kileleni na futi kamba. Sembuse wewe na simu yako.

Kwa hiyo acha kuulazimisha mti uingie wote. Ukishakubaliana na hilo, safari inakuwa tamu. Unaanza kutafuta ni sehemu gani ya mti inayousema mti mzima: jinsi shina linavyoshika ardhi, gamba, tawi moja lililojikunja, tunda lililoota mahali usipotarajia. Mimi siku hizi hata sitoi kamera mwanzoni. Nauzunguka mti kwanza, mara mbili ikibidi, kisha nakaa. Ukikaa ndipo unawaona sisimizi wakipanda na kushuka, mmea mwingine uliojipachika juu kwenye panda la tawi, na ndege ambaye muda wote alikuwa amenyamaza tu.

Ushauri unaowashangaza wengi ni huu: usianzie msituni, anzia bustani ya mimea. Wasafiri huzidharau bustani hizi wakidhani ni za wazee na wanafunzi. Lakini humo miti imepandwa kwa nafasi, ina vibao vya majina, na unaweza kurudi nyuma hatua hamsini ukauona mti kuanzia mizizi hadi kilele. Bustani ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015, ina mti wa tembusu wenye tawi nene lililojinyoosha chini chini sambamba na ardhi. Ndio huo huo uliochorwa kwenye noti ya dola 5 ya nchi hiyo. Nenda jioni wakati wa maua uisikie harufu yake, ambayo kamera haina la kuifanya.

Na kama kuna mti unaoweza kukufundisha upigaji picha peke yake, ni ule mtini mkuu wa bustani ya Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Kolkata, India. Kwa mbali utaapa ni msitu. Ni mti mmoja. Shina lake la asili liliugua ukungu likaondolewa mwaka 1925, na tangu hapo unasimama kwa mizizi ya angani iliyoshuka kutoka kwenye matawi ikafika ardhini na kunenepa, zaidi ya 3,000. Hakuna picha moja itakayokueleza hayo. Hapo ndipo unapojifunza kupiga picha tatu nne zinazoshikana: moja ya mbali, moja ukiwa katikati ya mizizi, moja ya ncha ya mzizi mchanga unaoning'inia bila kugusa chini.

Mwanga sasa. Karibu na ikweta jua halizembei. Linapanda wima, na ule mwanga laini wa asubuhi haukai sana, nusu saa hivi umekwisha. Ukizubaa kitandani umeukosa. Miti iliyo wazi, kama mibuyu na minazi, ipige mapema au jua linapozama. Msituni ni kinyume kabisa. Jua kali la mchana huleta madoa meupe na vivuli vyeusi ambavyo huwezi kuvirekebisha baadaye, kwa hiyo siku ya mawingu, ile ambayo watalii wengine wanalalamika hotelini, ndiyo siku yako. Mara tu mvua inapokatika ni bora zaidi, maana gamba lililolowa huonyesha rangi zake.

Mfano mzuri ni mkaratusi wa rangi nyingi, Eucalyptus deglupta, ambao asili yake ni Ufilipino, Indonesia na Papua New Guinea. Usogelee mpaka pua ikaribie kugusa. Gamba lake linabanduka kwa vipande virefu vyembamba, kila kipande kwa wakati wake. Panapobanduka leo pana kijani kibichi. Palipobanduka zamani kidogo pamegeuka samawati au zambarau, na pa zamani zaidi pana rangi ya machungwa au hudhurungi. Yaani rangi zile ni umri wa kila kipande cha ngozi ya mti. (Picha nyingi za mti huu unazoziona mtandaoni zimekolezwa rangi. Ukiukuta ana kwa ana usidhani umedanganywa na mti, umedanganywa na picha.)

Tatizo la pili la msituni ni mng'ao. Majani mengi ya nchi za joto yana nta juu, yakilowa yanaakisi anga na kuonekana meupe. Wenye kamera kubwa wafunge filta ya kupunguza mng'ao (polarizer). Mwenye simu achukue miwani ya jua ya aina hiyo (polarized), aiweke mbele ya lenzi na kuizungusha polepole mpaka kijani kirudi. Inafanya kazi kweli. Anga jeupe nalo likikusumbua, lifukuze tu kwenye picha: elekeza kamera chini kidogo, au jificha chini ya tawi.

Isipokuwa unapolitaka anga lenyewe. Katika msitu wa taasisi ya utafiti wa misitu pale Kepong, karibu na Kuala Lumpur, kuna miti ya kapur ambayo vilele vyake havigusani. Ukilala chali unaona mifereji ya mwanga imejipitisha kati ya kila mti na mwenzake. Sababu bado inabishaniwa. Wapo wanaosema ni matawi kusuguana kwa upepo, wapo wanaosema machipukizi huhisi kivuli cha jirani yakaacha kukua. Wewe weka simu kifuani kioo kikitazama chini, kamera juu, au tumia kipima muda uiache ardhini. Shingo itakushukuru.

Kuhusu mibuyu: ziko spishi nane duniani, sita kati yake zinaota Madagaska pekee. Barabara ya mibuyu karibu na Morondava ndiyo inayopigwa picha kuliko zote, na jioni utakuta umati, kila mtu na selfi yake. Piga ya machweo kama wengine, hakuna ubaya, kisha urudi alfajiri ambapo utasikilizana na kuku tu. Ukikutana na mbuyu wa Afrika wakati wa maua, baki mpaka giza liingie. Tumba likianza kupasuka, petali nyeupe hujikunja kurudi nyuma huku unatazama, na baadaye popo huja kunywa nekta. Kesho yake ua limekuwa la kahawia na linaanguka. Weka kamera kwenye stendi, usitumie flashi.

Kwenye mikoko angalia majedwali ya maji kabla ya kupanga lolote. Maji yakijaa utaona vichaka vya kawaida tu. Yakipwa ndipo mizizi ya mikoko inapojitokeza, pamoja na ile ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza matopeni kuvuta hewa, na kaa kila mahali.

Vifaa visikuchoshe. Adui mkubwa ni unyevu: ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi hujaa ukungu hapo hapo. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na uiache humo mpaka ipate joto la nje. Droni katika hifadhi nyingi zinahitaji kibali au zimepigwa marufuku, uliza mapema.

Usalama nao. Usiweke kambi chini ya mnazi wenye nazi. Na ukiwa fukwe za Karibi, ujue mti uitwao manchineel, wenye matunda yanayofanana na tufaha dogo la kijani. Utomvu wake huunguza ngozi, na hata kujikinga mvua chini yake hutoa malengelenge. Mara nyingine huwekewa alama nyekundu kwenye shina. Huo piga kwa lenzi ya mbali.

Miti mingine ina wenyewe. Mti mtakatifu wa Anuradhapura, Sri Lanka, ambao kwa mapokeo ulipandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, hufikiwa miguu mitupu na kwa heshima. Watu wapo katika ibada, si mapambo ya picha yako. Popote uendapo usichonge jina lako, na usisimame juu ya mizizi ili upate pembe nzuri, kwa sababu nyayo za watu wengi hushindilia udongo na mizizi ikakosa hewa.

Mwisho kabisa, kila mti uliokupendeza upigie picha nne za kazi, zisizo na urembo: jani upande wa juu, jani upande wa chini, gamba, na ua au tunda. Angalia vizuri shina lenyewe, kwani mikakao na mifenesi huzaa hapo hapo kwenye gamba. Ukiziweka iNaturalist, mtandao ambapo watu husaidiana kutambua mimea na wanyama, pamoja na mahali ulipozipigia, mara nyingi kuna mtu atakutajia jina la mti huo kabla hujafika nyumbani.