Ukingo wa Mto Unaanzia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanja changu kipo jirani na Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Nimeambiwa kuwa ni “ardhi hatarishi”, ilhali sijawahi kuona maji yakifika pale. Maana yake nini?

JIBU: Ndugu msomaji, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaielezea kuwa ni ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira, na miongoni mwa inayotajwa ni mikoko, ardhi oevu na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo kinachoangaliwa ni umbali, hata kama maji hayajawahi kukufikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo.

Kwa maoni yangu, ugumu umo katika neno “ukingo”. Wakati wa kiangazi mto hubaki kijito cha kurukwa na mtoto, lakini masika maji humega udongo mpaka mizizi ya miti ikaning’inia hewani, na ukingo wenyewe ukasogea kuelekea nyumba za watu. Neno lisilo na alama ardhini halimtendei mwananchi haki. Kabla hujachimba msingi, omba mpima ardhi akuonyeshe, kwa maandishi na kwenye ramani, mahali alipoanzia kupima.